MAMBO YA NYUMBANI: Dirisha la Chumba cha Bibi



Ndugu wasomaji, mwezi huu tulikusudia kuendelea na maneno yetu juu ya malezi ya vijana walio shuleni mbali na wazee wao. Illakini imetufikia barua kutoka Mkunya, wilaya ya Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, nayo haiwezi kungoja, kwani fundi amekwisha kupima na mwenye nyumba anatakiwa atoe fedha.

Mwenye kuandika ni mwalimu wa madrasa na mkulima wa korosho. Malipo ya mnada yameingia, deni la pembejeo limelipwa, na kimebaki kiasi ambacho yeye na mkewe wameafikiana kukitia katika nyumba. Ina madirisha manane, yote ya mbao, yaliyotiwa na marehemu baba yake. Fundi amemshauri ayang'oe yote na kutia ya alumini ya kuteleza, yenye vioo vyeusi. Vijana wake wamefurahi mno. Aliyekataa ni mama yake mzazi, anayelala chumba cha upande wa magharibi pamoja na mjukuu wake wa miaka mitatu. Asema, kwa maneno aliyotuandikia mwanawe, kwamba dirisha lake la mbao hulifungua lote, na hilo la kioo aliliona kwa jirani, hufunguka nusu. Mwisho wa barua ndipo lilipo neno lililotushtua. Mjukuu huyo amelazwa kwa malaria mara mbili katika msimu mmoja wa mvua. Chandarua kipo, lakini usiku chumba huwa na joto na mtoto hukisukuma kwa miguu mpaka akatoka nje yake.

Twajibu hivi. Bibi amesema kweli, na fundi, pamoja na ustadi wake, ametoa shauri la nyumba nyingine. Lakini bibi naye hakuisema kweli yote, kwani dirisha lake la mbao halina wavu, na kila ikiingia magharibi hulifunga kwa kukhofu mbu na wezi. Basi lafungwa saa zile zile ambazo nje hewa imeanza kuwa baridi. Chumba kilichokunywa jua mchana kutwa kikazibwa usiku kucha, mtoto atalalaje ndani ya chandarua?

Kwanza tujue kioo hufanya nini. Kioo hupitisha jua. Jua likiisha kuingia hupiga sakafu, kitanda na ukuta, vitu hivyo vikapata moto, na moto huo sasa hauwezi kutoka kwa njia ile ile ulioingia. Aliyewahi kuacha gari juani na madirisha yake yamefungwa analijua jambo hili bila ya kufundishwa. Kioo cheusi huzuia sehemu ya jua, lakini chenyewe huwa cha moto na kuutoa moto huo ndani pia. Pazia la ndani nalo husaidia kidogo tu, kwa kuwa jua limekwisha kuvuka kioo kabla ya kulikuta pazia. Kizuizi cha kweli ni kile kinacholikuta jua nje ya dirisha: upenu wa paa, baraza, mwembe, au ubao wa dirisha wenyewe.

Watu wa nchi za baridi wana madirisha ya vioo viwili vyenye hewa katikati, na wafanya biashara huyasifu kwamba huokoa gharama za umeme. Nao hawasemi uongo. Huko nyumba hutiwa moto kwa mashine majira ya baridi, na mwenye nyumba ataka moto huo usitoroke. Hata katika nchi za joto, mwenye chumba kinachopozwa kwa mashine mchana na usiku, dirisha la namna hiyo litampunguzia umeme. Nyumba ya Mkunya haina mashine ya moto wala ya baridi. Mashine yake ni upepo, nao hautozi kitu. Basi dirisha litakaloiokolea gharama ni lile litakaloukaribisha upepo na kulifukuza jua, mpaka feni isihitajiwe.

Na Mkunya, alhamdulillahi, haikunyimwa upepo. Wanaoshuka kutoka Newala kwenda Masasi huonja tofauti katika ngozi zao, kwani hewa hupoa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Masasi iko chini ya uwanda, katikati ya majabali yake yanayokunywa jua. Ndugu zetu wa Masasi wana haja kubwa zaidi ya haya tunayoyasema. Aliye juu uwandani anayo haja nyingine pia: mwezi wa Juni na Julai upepo wa usiku Newala huwa mkali na baridi, na wazee hulalamika mifupa. Dirisha lake halina budi liweze kufunguka lote na kufungika lote.

Sasa tulitazame jua lenyewe. Hapa Mwislamu wa Newala amepewa dira asiyoinunua. Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya Newala, kwa hiyo mwenye kusimama kuswali nyumbani kwake ameelekea kaskazini, kulia kwake ni mashariki, kushoto kwake ni magharibi na mgongoni ni kusini. Asimame katikati ya ukumbi, aelekee kibla, aangalie kila dirisha liko upande gani. Akiisha fanya hivyo amekwisha kufanya nusu ya kazi, na ni nusu ambayo fundi hakuifanya.

Madirisha ya mbele na ya mgongoni hayana matata. Jua la Newala hupita utosini karibu na tarehe 20 Februari na tena karibu na tarehe 22 Oktoba. Baina ya Oktoba na Februari, jua la adhuhuri liko upande wa mgongoni, lakini liko juu sana, hata upenu wa sentimita 60 hutia kivuli ukuta wa kusini kwa zaidi ya mita mbili. Miezi mingine jua huwa upande wa kibla. Mwezi wa Juni hushuka chini zaidi, na upenu huo huo hutia kivuli cha sentimita 88 hivi, chini yake jua likaingia kidogo. Na liingie, ndiyo miezi ya baridi.

Matata yako kulia na kushoto. Jua la asubuhi na la alasiri huja likiwa limeinama, na upenu hauna la kulifanya. Saa kumi na nusu alasiri, upenu ule ule wa sentimita 60 hautii ukuta wa magharibi kivuli kinachozidi sentimita 40, na dirisha zima liko wazi kwa jua. La asubuhi lina nafuu, kwani ukuta bado una baridi ya usiku. La magharibi hukikuta chumba kimekwisha kuchemka, nacho huutunza moto huo hadi saa nne za usiku. Na chumba cha magharibi ndicho alichopewa bibi na mtoto. Hatumlaumu ndugu yetu, aghalabu vyumba hugawanywa kwa ukubwa wala si kwa jua. Ila shauri letu la kwanza halina gharama hata senti moja: wazee na watoto wahamishwe chumba cha mashariki, na vijana wanaopenda vioo vyeusi walale magharibi.

Tena upande wa mashariki ndiko utokako upepo. Kusi huja kutoka nyuma ya bega la kulia la mwenye kuswali, na kaskazi huja kutoka mbele ya bega hilo hilo. Kwa hiyo mashariki ni mlango wa upepo, nao hauingii chumba kisicho na pa kutokea. Chumba chenye dirisha kubwa mashariki na ukuta mtupu upande wa pili ni kama gunia: upepo hufika mdomoni ukarudi. Tundu dogo lililo juu ya mlango, au matofali ya matundu katika ukuta wa ndani, hufanya kazi kuliko kuongeza dirisha la pili upande ule ule.

Twarudi kwa neno la bibi, kwamba la kioo hufunguka nusu. Hesabu yake haina utata. Dirisha la futi nne kwa nne ni futi 16 za mraba. La kuteleza lina mbao mbili za kioo na moja hupita nyuma ya mwenziwe, kwa hiyo hata likifunguliwa mpaka mwisho hutoa futi 8 tu, na hizo 8 zilizobaki zimezibwa daima. Dirisha la mbao la mbawa mbili hutoa zote 16. Luva za vioo hutoa karibu zote, nazo ni rahisi kuendesha, ila hazifungiki kwa kukazana, vumbi na upepo wa Julai hupenya, na mwizi mwenye mkono mwepesi huvichomoa vioo kimoja kimoja. Ukiweka wavu wa mbu mbele ya dirisha, wavu nao huzuia sehemu kubwa ya upepo, khasa usiku ambapo upepo ni mchache. Basi aliyepoteza nusu kwa kuteleza akapoteza tena kwa wavu amebakiwa na nini?

Sisi wenyewe tuliingia katika shimo hili. Miaka iliyopita tulibadili madirisha ya nyumba yetu kwa kuona wengine wamebadili, na kwa muda wa miezi tukajisifu. Ulipofika mwezi wa Novemba tukanunua feni, kisha feni ya pili, na umeme ulipokatika tukawa tunalala barazani. Hatukumwuliza fundi swali lolote kabla ya kumpa fedha. Kosa lilikuwa letu.

Juu ya wavu twataka kusema kwa kirefu kidogo, kwani hapo ndipo ilipo afya ya mtoto. Mbu wa malaria huuma usiku, na sehemu kubwa hutukuta ndani. Uchunguzi uliofanywa Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani, na kuzibwa juu, ziliingiwa na mbu wachache kwa zaidi ya nusu, na watoto wake walipungukiwa damu kwa uchache kuliko wenzao. Na si Gambia tu. Mkoani Mtwara kwenyewe, katika miaka hii ya 2020, zilijengwa nyumba 110 za namna mpya katika vijiji 60, zenye vyumba vya kulala ghorofani na kuta za wavu unaopitisha hewa. Watoto waliokaa humo walionekana kupata malaria, kuharisha na maradhi ya kifua kwa uchache kuliko watoto wa nyumba za kawaida. Hatumwambii ndugu yetu ajenge ghorofa. Twamwambia kwamba wajenzi wa nyumba hizo walitaka vitu viwili kwa pamoja, mbu asiingie na hewa iingie, nao walivipata bila ya vioo vyeusi.

Atazame pia uwazi ulio baina ya ukuta na paa. Mbu hupenda njia hiyo kuliko dirisha, na kutia wavu madirishani huku uwazi ule uko vile vile ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma. Lakini asiuzibe kwa udongo au saruji, kwani hewa ya moto hupanda na hapo ndipo itokapo. Auzibe kwa wavu. Chandarua kiendelee kutandikwa, wavu wa dirisha haukiondoi, hukifanya tu kivumilike.

Na wavu uwe wa namna gani? Nchi ya korosho ina jambo lake. Kuanzia mwezi wa Mei hupulizwa salfa mikoroshoni kwa ajili ya ubwiriunga, na unga wake huruka mpaka majumbani. Salfa ikikutana na unyevu hula chuma. Wavu wa chuma cha bei rahisi hupata kutu ukatoboka, na mwenye nyumba hajui mpaka mbu amwambie. Anunue wa nailoni au wa alumini, uwe umepigiliwa katika fremu yake ya mbao inayotoka, ili uoshwe baada ya kipindi cha salfa.

Sasa sitara, jambo ambalo kwa watu wa nyumba ya Kiislamu halipungui uzito mbele ya joto. Vijana wa ndugu yetu wamemwambia kwamba kioo cheusi ni sitara, kwani aliye ndani humwona wa nje na wa nje hamwoni wa ndani. Hiyo ni kweli mchana. Usiku taa ikiwashwa ndani mambo hugeuka juu chini, mpita njia akaona kila kitu na aliye ndani akaona uso wake mwenyewe katika kioo. Nyumba nyingi hazijalitambua hili, na wanawake wa nyumba hukaa kwa amani wasijue kwamba wanaonekana barabarani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkemea vikali mtu aliyechungulia nyumbani mwake kwa tundu, na akafundisha kwamba ruhusa ya kuingia imewekwa kwa ajili ya macho. Hilo linampasa mpita njia, nalo linampasa mwenye nyumba pia, asitoboe dirisha linalotazama uwanja wa jirani wanakopikia wake na binti zake.

Wazee wetu wa pwani walilitatua jambo hili zamani kwa vibao vya mlalo. Ukubwa wa dirisha ni ule ule, bawa la mbao ni lile lile, ila katikati badala ya ubao mmoja hupangwa vibao vyembamba vilivyoinamishwa kuelekea nje. Jua na mvua hukataliwa, upepo hupita, na aliye nje haoni kitu mchana wala usiku. Madirisha ya namna hii ndiyo yaliyo katika nyumba za matajiri wa Mji Mkongwe wa Unguja, mji ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia. Twawaeleza khasa vijana, kwani tumesikia dirisha la mbao likitajwa kama alama ya umasikini. Matajiri wale walikuwa na fedha za kununua kioo chochote walichokitaka. Na kwa Wamakonde, ambao mikono yao huutoa uso wa mtu katika gogo la mpingo, kibao cha kuinamishwa si kazi ya kumshinda seremala.

Kwa hiyo ndugu yetu asing'oe madirisha manane. Fremu za baba yake azipime kwa kisu kidogo, pale kisu kinapozama pana mchwa au uozo, na hizo ndizo za kubadilishwa. Zilizo ngumu zibaki. Atakayotengeneza upya yawe ya mninga au mvule, mbao zenye kibali, zilizokauka, kwani mbao mbichi hujipinda na dirisha likakataa kufungika mwaka wa kwanza. Kila dirisha la chumba cha kulala liwe na mbawa mbili za vibao zinazofunguka nje, nondo, na ndani yake fremu ya wavu. Nondo za dirisha moja katika kila chumba ziwe na mlango na kufuli yake, ufunguo utundikwe pale pale, kwa ajili ya moto. Akipenda kioo kwa ajili ya mwanga, atie ukumbini upande wa kibla, ambako upenu wamlinda, na kiwe cha kufunguka kwa bawaba, kisiwe cha kuteleza.

Fedha zisipotosha aanze na vyumba viwili, cha bibi na cha watoto, na vingine vingoje msimu ujao. Asikope kwa riba ili nyumba yote ifanane kwa siku moja. Na fundi apewe malipo kwa sehemu, ya mwisho baada ya kila dirisha kufunguliwa na kufungwa mbele ya bibi, si mbele ya vijana.

Neno moja limebaki, na huenda likawa kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Ikiwa paa ni la bati na nyumba haina dari, basi moto mwingi watoka juu, na dirisha lolote litafanya kazi ya nusu. Katika hali hiyo fedha za madirisha sita kati ya manane ziende katika dari ya chumba cha bibi na kurefusha upenu. Juu uwandani upenu mrefu una faida ya pili, kwani maji ni ya shida. Kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upenu wa sentimita 60 ukiongezwa juu ya ukuta wa mita 10 ni mita 6 za mraba, na mvua moja nzuri ya milimita 50 italeta lita 300, yaani ndoo 15 kubwa, ikiwa gata limefungwa sawasawa na tangi lina nafasi.

Namna ya kutengeneza dari kwa gharama ndogo, pamoja na barua mbili za Masasi zilizouliza juu ya rangi nyeupe ya mabati, tutaieleza mwezi ujao, inshallah. Ndugu yetu wa Mkunya tumemwomba atuandikie tena mwezi wa Novemba, atuambie mtoto analalaje.

Wassalaam.